Mnyoo mwenye kichwa cha nyundo Dodoma: nimemkata vipande zaidi ya 600 na bado sina jina lake

#1 Fundi Slaidi

Mbukwenyi wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Mwezi wa pili mwaka huu mvua ilinyesha siku mbili mfululizo hapa Nkuhungu. Mke wangu akainua kiriba cha mche wa mparachichi uliokuwa kibarazani tangu Desemba, akaniita kwa sauti ambayo nikaacha chai mezani. Chini ya kiriba, pale kwenye duara la unyevu, palikuwa na kitu kama kamba ya kiatu iliyolowa. Rangi ya hudhurungi iliyofifia, mistari myeusi mgongoni kutoka shingoni hadi mkiani, na kichwa kimetanuka pande mbili kama bapa la shoka. Hakujikunyata na kujivuta kama nyungunyungu. Aliteleza tu, kichwa kimeinuka kidogo kikipapasa kushoto na kulia. Nilimpima kwa rula ya mtoto: sentimita 17 akiwa amejinyoosha.

Jirani mmoja akasema ni mtoto wa nyoka, auawe. Mwingine akaja na chumvi mkononi. Nikawaomba waniachie.

Mimi kazi yangu ni maabara ya tishu, hospitalini. Mwaka wa 14 sasa napokea vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, navigandisha kwenye nta ya parafini, navikata vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, navipaka rangi, daktari anavisoma kwa hadubini. Nilipoanza kutafuta jina la mgeni wangu nikakuta kwamba wanazuolojia waliowapanga minyoo hawa tangu karne ya 19 wameishi kwa kazi hiyohiyo: nta, kisu, rangi, kioo. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu duniani wanaofanya kazi yangu kwa ajili ya minyoo ya bustani. Tangu siku hiyo sijamwacha.

Niseme kwanza ni nani. Ni planaria wa nchi kavu, mmoja wa minyoo bapa, Platyhelminthes, kundi moja na tegu na mnyoo wa kichocho. Tofauti ni kwamba yeye haishi ndani ya mtu wala ng'ombe. Anawinda nyungunyungu, konokono na wadudu. Mdomo wake hauko kichwani, uko tumboni katikati, na mabaki ya chakula hutokea hapohapo kwa sababu utumbo wake hauna tundu jingine. Utumbo una matawi matatu, moja kwenda mbele na mawili kwenda nyuma, ndiyo maana oda yake inaitwa Tricladida. Planaria wote wa nchi kavu leo wamewekwa katika familia moja, Geoplanidae. Wenye kichwa cha nyundo wana nusufamilia yao, Bipaliinae, ambao kwao kwa asili ni Asia, hasa ya kusini na mashariki, na Madagaska. Huku kwetu bara wanafika na udongo wa miche. Mche wetu tuliununua kwenye kitalu njiani tukitoka Morogoro.

Hadi hapo picha inatosha. Baada ya hapo picha haitoshi, na hilo ndilo lililonileta hapa.

#2 Mama Zabibu

Fundi, asante kwa uzi. Mimi nina mizabibu Hombolo, ekari mbili, na wajukuu wanacheza humohumo shambani siku nzima. Huyo mnyoo ana sumu? Kuku akimla je? Na nikimkuta nimfanyeje, maana mimi mkononi nina jembe.

#3 Fundi Slaidi

Shikamoo mama. Jembe weka chini kwanza. Ukimkata, umempandikiza. Wengi wa jamii hii kipande kikikatika kinaota upya kinachokosekana, na kuna wanaozaana kwa njia hiyo hasa: wanaacha kipande cha mkia nyuma, kesho kipande kinatembea, baada ya siku kadhaa kina kichwa.

Kuhusu sumu: mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba wamekuta tetrodotoksini ndani ya spishi mbili za Bipalium, jenasi ya hawa wenye kichwa cha nyundo. Ni sumu ileile ya samaki bunju. Kwa hiyo wajukuu wasimshike, na aliyemshika anawe mikono kwa sabuni. Lakini hang'ati, hafukuzi mtu, haingii mwilini. Mzabibu hali. Wanaoumia shambani ni nyungunyungu wako, na hao ndio wanaoupa udongo hewa.

Mtoe kwa kijiti, mtie kwenye kopo lenye maji ya moto au ya chumvi kali. Ila kabla hujafanya hivyo piga picha ya kichwa na mgongo, na tumbo ukiweza.

#4 Mwalimu wa Kikuyu

Mkuu, nafundisha baiolojia sekondari. Kwenye picha yako nimehesabu mistari mitano na kola nyeusi shingoni iliyokatika katikati. Hiyo si Bipalium kewense moja kwa moja? Kwa nini unasema huna jina?

#5 Fundi Slaidi

Mwalimu, umeona vizuri sana, na mimi nikibanwa nitasema hivyohivyo. Mistari mitano na kola iliyokatika ndivyo vinavyotajwa. Lakini nisikilize kwa nini siweki saini.

Jina la B. kewense alilitoa Henry Nottidge Moseley mwaka 1878 kwa mnyoo aliyeokotwa kwenye nyumba ya vioo ya bustani za Kew, London. Tazama kilichotokea hapo: mnyoo akapewa jina la mahali alipokutwa, na kwao si hapo kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 hadi Leigh Winsor wa Australia, katika marejeo yake ya mwaka 1983, akaonyesha kwamba asili yake ni upande wa Vietnam na Kambodia. Wakati huo alikuwa amekwisha kusambazwa kwenye vyungu vya maua karibu kila nchi yenye joto.

Moseley huyohuyo miaka minne kabla, 1874, alikuwa amechapisha anatomia ya planaria wa nchi kavu wa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na aliijua kwa kuwakata vipande vyembamba. Maana rangi inadanganya. Spishi mbili zinaweza kuvaa mistari inayofanana, na spishi moja ikawa na ndugu wa rangi tofauti. Kinachotenganisha ni viungo vya uzazi vilivyo ndani. Hawa ni huntha, kila mmoja ana vya kiume na vya kike, na umbo la vyumba na mirija ya viungo hivyo ndilo linalosomwa. Vimejificha nyuma ya mdomo ndani ya nyama laini, huwezi kuvipasua kwa wembe ukavitazama kama matumbo ya panzi. Dawa yake ni nta na kisu.

Sasa nieleze nilivyofanya. Yule wa kwanza nilimharibu. Nilimtumbukiza kwenye formalini kama ninavyofanya kwa kinyama cha hospitali, akajikunja kwa nguvu, akakatika sehemu tatu na kutoa ute mwingi mweupe. Tishu yote ikawa imesokotana. Nilikaa nayo mezani nikijua nimepoteza mnyama ambaye huenda nisimpate tena.

Wiki mbili baadaye mke wangu akapata wa pili chini ya ndoo. Safari hii nilikuwa nimesoma. Nilimwacha ajinyooshe kwenye sahani, nikammwagia maji ya moto kwa mara moja. Akabaki amenyooka kama mshale. Ncha ya mkia nikaiweka kwenye spiriti safi kwa ajili ya vinasaba, kwa sababu formalini inaviharibu, na mwili uliobaki ndio ukaenda formalini.

Nikaomba ruhusa kwa mkuu wangu nitumie maikrotomu (mashine ya kukata tishu) ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono, baada ya saa za kazi na kwa nta niliyonunua mwenyewe. Sehemu ya nyuma ya mdomo ilikuwa na upana wa milimita 4. Nikakata kwa urefu wa mwili, kila kipande maikromita 6. Pigeni hesabu: vinatoka zaidi ya vipande 600. Kwa mgonjwa mimi huchagua vipande viwili vitatu vilivyokaa vizuri, vingine vinatupwa. Kwa mnyoo hutupi hata kimoja, na hupotezi mpangilio, kwa sababu unajenga umbo zima kichwani kutoka kipande hadi kipande. Utepe wa nta unatoka kwenye kisu, unaulaza juu ya maji ya vuguvugu, unajinyoosha, mikunjo inaisha, halafu unaupenyezea kioo kwa chini na kuupandisha. Jioni tisa nilifanya hivyo. Hematoksilini ikapaka viini vya seli zambarau, eosini ikapaka misuli waridi.

Nikaona matawi ya utumbo na misuli ya koromeo iliyopangika kama nyuzi za mkeka. Nikaona tabaka la chini la kutambalia lenye vinywele vyake. Viungo vya uzazi havikuwepo, mwalimu. Pale vilipotakiwa kuwa palikuwa na tishu tupu ya kujazia. Mnyoo hakuwa amekomaa, na B. kewense nje ya kwao mara nyingi ndivyo alivyo, anaishi kwa kujikatakata na waliokomaa ni adimu kupatikana.

Nimesema kweli kwenye kichwa cha uzi. Zaidi ya vipande 600, jina hakuna. Lakini nina mnyoo wa Bipaliinae kutoka Nkuhungu, mwenye tarehe, vioo, na mkia kwenye spiriti, na siku mtu atakaposoma vinasaba vyake atajibiwa.

#6 Mwalimu wa Kikuyu

Nimekuelewa. Sasa hao wataalamu wakikutana na ambaye hajakomaa wanafanyaje? Wanamwacha bila jina?

#7 Fundi Slaidi

Wana mahali pa kumweka, na hapa ndipo nilipowapenda watu hawa. Mwaka 2002 Masaharu Kawakatsu wa Sapporo, Japani, na wenzake walitenga kundi linaloitwa Diversibipalium. Ni la wenye kichwa cha nyundo ambao viungo vyao vya uzazi havijajulikana. Ukisoma jina hilo unajua papo hapo kwamba huyu ni wa Bipaliinae na kwamba kazi yake bado. Kuna sayansi nyingi zingeficha pengo kama hilo chini ya jina zuri. Wao wameliandika mlangoni.

Kawakatsu na Robert Ogren wa Pennsylvania, Marekani, ndio walioanza mwaka 1987 kuchapisha faharasa ya planaria wote wa nchi kavu, familia baada ya familia: nani alielezwa, lini, wapi, jina limehamishwa mara ngapi. Kabla yao kulikuwa na kitabu kikubwa cha Ludwig von Graff wa Graz, Austria, cha mwaka 1899, chenye michoro ya rangi. Mtu aliyetaka kujua kama mnyoo wake ni mpya alilazimika kufukua karatasi za miaka 200 katika lugha tano sita.

Na mwanzo wenyewe unagusa wafugaji wetu. Planaria wa nchi kavu wa kwanza kuelezwa kisayansi alielezwa na Otto Friedrich Müller wa Denmark mwaka 1774, akamwita Fasciola terrestris. Fasciola! Jenasi ya wale minyoo wa ini ambao mchinjaji yeyote wa ng'ombe anawajua, bapa kama majani kwenye mirija ya nyongo. Kwa macho ya wakati ule alikuwa mnyoo wa ini aliyetoka nje kutembea. Leo anaitwa Microplana terrestris.

Darwin naye alikuwemo. Aliwakusanya kwenye safari yake na kuwaeleza mwaka 1844. Kule Tasmania aliwaweka hai karibu miezi miwili, akamkata mmoja katikati, na baada ya wiki mbili kila upande ulikuwa mnyoo kamili. Aliwalisha mbao zilizooza, akidhani ndicho chakula chao. Waliishi muda wote huo pamoja na kwamba ni wala nyama.

Anayeniuma ni William Stimpson, Mmarekani aliyetunga jenasi ya Bipalium na ile ya Geoplana mwaka 1857. Makusanyo yake ya miaka mingi na miswada yake iliteketea katika moto mkubwa wa Chicago mwaka 1871, na mwaka uliofuata akafariki. Nikifunga kabati la vioo jioni humkumbuka.

#8 Jicho la Chamwino

Kwa heshima zote wakuu. Huku kwetu mifugo inakosa maji, mtama unakauka, na watu wazima wanabishana jina la mnyoo wa chini ya ndoo. Jina linamsaidia nani?

#9 Fundi Slaidi

Kaka, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Konokono mkubwa tunayemwona pwani baada ya mvua, yule wa gamba refu la kahawia, ni wa Afrika Mashariki. Binadamu alimsambaza hadi visiwa vya Pasifiki, akawa balaa mashambani. Watu wakasikia kuna mnyoo bapa wa New Guinea anayekula konokono, Platydemus manokwari, aliyeelezwa na de Beauchamp mwaka 1963. Wakamchukua na kumpeleka kwa makusudi kwenye visiwa mbalimbali. Akala yule mkubwa, halafu akaendelea na konokono wadogo wa asili wa visiwa vile, ambao hawapatikani pengine popote duniani. Leo yumo kwenye orodha ya wavamizi 100 wabaya zaidi duniani, na mwaka 2013 akakutwa Ufaransa ndani ya nyumba ya vioo.

Mwingine ni wa New Zealand, Arthurdendyus triangulatus. Belfast walimwona mwaka 1963, na tangu hapo anawala nyungunyungu wa mashamba ya Ireland na Scotland. Nchi inayojua nani amefika inaweza kukagua miche mpakani. Isiyojua inanunua kiriba kama nilivyonunua mimi. Na udongo wetu wa Dodoma, ndugu yangu, ndio huo unaootesha mtama unaoulilia. Unapata mvua msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Nyungunyungu wachache tulionao ningependa wabaki.

#10 Kijana wa Udom

Nafuatilia. Mkuu kuna kitu nimekutana nacho mtandaoni, kwamba kuna mnyoo anaitwa Obama. Kweli au porojo? Na hizi familia mbona vitabu vya maktaba vinataja Bipaliidae, Rhynchodemidae, wewe unasema familia ni moja?

#11 Fundi Slaidi

Mdogo wangu, yote mawili ni kweli.

Jenasi ya Obama ipo, iliundwa mwaka 2013 na Fernando Carbayo wa Brazili na wenzake. Jina limetoka lugha ya Kitupi ya Brazili: oba ni jani, ma ni mnyama. Mnyama-jani, kwa umbo lake. Halihusiani na rais. Obama nungara ametoka Amerika Kusini na sasa yuko bustani nyingi za Ulaya. Lakini usiache hadithi hapo, maana yupo mnyoo bapa mwingine aliyepewa jina la Barack Obama mwenyewe mwaka 2016, Baracktrema obamai, anayeishi kwenye damu ya kasa wa maji matamu wa Malaysia. Huyo ni ndugu wa kichocho.

Kuhusu familia: wazee walipanga kwa vinavyoonekana, macho yakiwemo. Wenye macho mawili huku, wenye macho mengi kule, wenye kichwa cha nyundo peke yao. Wote wakawekwa chini ya kundi Terricola, la nchi kavu, mbali na wale wa maji matamu na wa bahari. Vinasaba vikavunja kuta hizo. Ilionekana kwamba planaria wa nchi kavu ni ndugu wa karibu wa familia ya maji matamu ya Dugesiidae, karibu kuliko hao Dugesiidae walivyo na planaria wengine wa maji matamu. Mwaka 2009 Ronald Sluys wa Uholanzi, Kawakatsu, na Marta Riutort na Jaume Baguñà wa Barcelona wakatoa mpangilio mpya. Familia za zamani zikashushwa kuwa nusufamilia ndani ya Geoplanidae. Vitabu vya maktaba vilichapishwa kabla ya hapo, tarehe iangalie kwanza ukurasa wa pili.

#12 Wa Vichuguu

Wakuu samahani nachelewa kuingia. Mimi niko Hombolo, nachoma tofali. Nimesoma yote nikakumbuka kitu. Mwaka juzi wakati wa mvua, usiku, nilikuwa namulika kichuguu chenye matundu wazi juu nikingojea kumbikumbi. Mdomoni mwa tundu moja kulikuwa na kitu chembamba cha kahawia, kichwa hakikutanuka, urefu kama kidole. Kilikuwa kimening'inia kuelekea ndani. Mchwa akapita, akagandia. Nilidhani ni konokono asiye na gamba. Nikakipuuza.

#13 Fundi Slaidi

Kaka, nimesoma ujumbe wako nikasimama.

Mwaka 1990 Hugh Jones na wenzake walieleza spishi mpya kutoka Kenya, Microplana termitophaga, maana yake mla mchwa. Anakaa kwenye matundu ya hewa ya vichuguu vya mchwa wa jenasi ya Odontotermes, anashusha kichwa ndani, na mchwa anayepita ananaswa na ute. Baadaye alichunguzwa Zimbabwe pia. Sisi tuko katikati ya nchi hizo mbili.

Sisemi uliyemwona ni yeye. Microplana wana sura nyepesi, kahawia na macho mawili tu, hapo ndipo kisu kinahitajika zaidi kuliko kwa mwenye nyundo. Na huyu si mgeni wa kiriba, huyu angekuwa mwenyeji. Tafadhali, mvua ikianza rudi kwenye kichuguu hichohicho. Nenda usiku, tochi iwe hafifu, usikanyage juu. Ukimwona mwache kwanza, tazama anafanya nini, hesabu dakika. Kisha mtoe kwa kijiti, mweke kwenye kopo na udongo wenye unyevu, nipigie inboksi nije na vifaa.

#14 Mama Zabibu

Wa Vichuguu, hicho kichuguu si kile cha karibu na bwawa, njia ya kwenda shamba langu? Kama ndicho, nitamwambia kijana wangu asikibomoe. Alikuwa akitaka udongo wake.

#15 Wa Vichuguu

Ndicho mama. Naomba sana kisiguswe.

#16 Wa Vichuguu

Leo tarehe 9 Desemba. Jana imenyesha kwa mara ya kwanza, si nyingi, ila vumbi limelala. Nimekaa kichuguuni saa mbili hadi saa tano usiku na kijana wa Mama Zabibu. Matundu nimehesabu 11. Mchwa wametoka wengi. Mnyoo hatujaona. Kwenye tundu la saba, ukingoni, kuna mstari wa ute uliokauka unaong'aa kwa tochi, upana kama wa njiti ya kiberiti. Nimeupiga picha, nimeuwekea alama ya kijiti. Kesho usiku tunarudi.

#17 Fundi Slaidi

Naja na basi la saa kumi jioni. Beba chupa ya chai yenye maji ya moto, spiriti ninayo mimi.